Banda la Gari na Haki za Watu

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wakaao Thika na Ruiru neno ambalo huenda likaonekana dogo. Mtu ana nyumba yenye banda la gari, hilo ambalo wengi huliita gereji, naye ataka kulitengeneza upya kwa fedha chache alizo nazo. Pengine ataka gari lake lilale pasipo kuvujiwa. Pengine hana gari tena, ataka kumweka humo mzazi wake, au kumfungulia binti yake mahali pa kushona nguo, au kulifanya chumba cha kupangisha. Je, yu huru kubana matumizi apendavyo, maadamu mali ni yake na nyumba ni yake? Au pana mpaka ambao akiuvuka, kule kubana huacha kuwa wema kukawa dhulma?

Twajibu kwamba suala hili si dogo hata kidogo. Mtu aweza kumaliza umri wake asijaribiwe kwa mambo makubwa, kwa kuwa makubwa hayakumfikia. Lakini kila mtu hununua, huajiri, hujenga na hupangisha, na humo ndimo tabia yake ionekanamo. Sisi tu wepesi wa kunena juu ya uadilifu wa watawala. Uadilifu wa mwenye nyumba mbele ya fundi wake, jirani yake na mpangaji wake ni nadra kuutaja, nao uko mikononi mwetu wenyewe.

Kwanza na tuijue hali ya mahali. Thika ilifikiwa na reli mwaka 1913, na baadaye ikawa mji wa viwanda. Ruiru kwa miaka mingi ilikuwa mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya kahawa. Kisha barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika ikapanuliwa. Kazi ilianza mwaka 2009, na barabara ikafunguliwa rasmi mwezi wa Novemba 2012, urefu wake kilomita zipatazo 50. Mashamba mengi yakakatwa viwanja, na watu wafanyao kazi Nairobi wakahamia huko. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Ruiru ilikuwa na watu takriban 240,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa takriban 490,000. Kwa muda wa miaka 10 mji umekuwa maradufu. Hapo kila nafasi yenye kuta tatu na paa ikaanza kutazamwa kwa jicho jipya, na mabanda ya magari yakawa ya kwanza kutazamwa hivyo.

Na tupime nafasi yenyewe. Banda la gari moja huwa na upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, yaani mita 18 za mraba. Chumba cha kupangisha cha futi 10 kwa 10, ambacho huenda wakalala ndani yake mume, mke na watoto wao, ni mita 9 za mraba na kidogo. Basi gari moja hupewa nafasi ya jamaa mbili. Hatusemi kwamba kuwa na banda la gari ni makosa. Gari hununuliwa kwa taabu, jua na mvua huliharibu, na wako watu ambao gari ndilo shamba lao na ndilo duka lao. Twasema tu kwamba nafasi hiyo si ndogo, na aliye nayo ameneemeshwa.

Wazee wetu wa pwani, Lamu na Mombasa, walipojenga nyumba za mawe waliweka mbele daka na baraza, mahali pa kumpokea mgeni kabla hajaingia ndani. Sehemu ya kwanza ya nyumba ilikuwa ya binadamu. Nyumba nyingi za leo zimeiweka sehemu hiyo kuwa ya gari. Lawama hii si ya mtu mmoja, kwani dunia imegeuka na njia za kusafiri zimegeuka. Walakini, mtu akusudiapo kulitengeneza upya banda lake amepata fursa ya kuamua mara ya pili: sehemu hii ya mbele ya nyumba yangu ni ya nani, nami nitamtendeaje huyo nitakayemweka hapo?

Sasa tuingie katika hukumu yenyewe. Sisi twaona kwamba kila shilingi iliyoepukwa katika ujenzi hutoka katika mmoja wa mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni wa mwenye nyumba mwenyewe. Ameacha uzuri alioutamani, au ametoa jasho lake badala ya fedha, au amengoja. Huu ndio uangalifu wa mali, nao ni tabia njema.

Mfuko wa pili ni wa mtu aliyejua na akaridhia. Mpangaji ameona kwamba chumba ni kidogo, ukuta haukupakwa rangi, na bomba la maji ni la shirika. Akaambiwa kodi yake, akaona yamfaa, akaingia. Hii ni biashara, wala hapana lawama.

Mfuko wa tatu ni wa mtu asiyejua, au asiyeulizwa. Ni mpangaji asiyeweza kuona kilichomo ndani ya ukuta, ni mtoto wake ambaye hakuwako siku ya mapatano, ni jirani wa upande wa pili, ni kibarua aliyeambiwa apande juu ya paa abomoe. Shilingi iliyotoka katika mfuko huu haikuepukwa, imechukuliwa. Hiyo ni dhulma, hata mchukuaji akijiita hodari wa kubana.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba mtu atazamapo daftari lake la hesabu, mifuko hii mitatu hufanana. Shilingi 5,000 asizozitoa kwa kuacha kupaka rangi, na shilingi 5,000 asizozitoa kwa kutia nyaya nyembamba za umeme, zote mbili huandikwa kwa jina moja: akiba. Daftari halisemi imetoka wapi. Lazima mwenyewe ajiulize.

Tuanze na akiba iliyo halali, kwani hatutaki ndugu yetu mwenye fedha chache adhani kwamba twamfungia mlango. Nguzo zikiwa nzima na paa likiwa zima, hana haja ya kuvibomoa kwa kutamani vipya. Ule uwazi mkubwa wa mbele aweza kuuziba kwa mawe ya Ndarugu, yachimbwayo upande wa Juja, baina ya Ruiru na Thika, ambayo hayana gharama ya kusafirishwa mbali. Milango na madirisha yaliyotolewa katika majengo yaliyobomolewa, ikiwa mbao zake hazikuliwa na mchwa na vyuma vyake havikuoza, hufaa kama mapya. Sakafu ya niru iliyosuguliwa vizuri hudumu miaka mingi, wala vigae si faradhi. Chokaa huupa ukuta weupe kwa thamani ndogo kuliko rangi ya madebe. Kuchimba, kubeba mawe na kuchota maji ni kazi awezazo mwenye nyumba na wanawe.

Na iliyo kubwa kuliko zote ni subira. Aliye na fedha za paa tu na atengeneze paa kabla ya mvua za mwezi wa Machi, kisha angoje. Sakafu itafuata, na ukuta utafuata. Wengi wetu hutumbukia katika mfuko wa tatu kwa sababu moja tu, nayo ni kutaka kumaliza kwa mwezi mmoja kazi ambayo fedha yetu ni ya kuimaliza kwa mwaka.

Ama akiba isiyo halali, na tuitazame kwa mifano, kwani maneno ya jumla humpita msikilizaji.

Sakafu ya banda la gari aghlabu hujengwa chini kuliko sakafu ya nyumba, nayo huinamishwa kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Kwa gari ni sawa kabisa. Kwa mtu atakayetandika godoro chini, ni unyevu wa usiku na mchana. Tena katika sehemu za Ruiru na Juja ardhi ni udongo mweusi, ule unaoumuka wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na sakafu nyembamba iliyowekwa juu yake hupasuka pamoja nao. Kutandika zulia la plastiki juu ya sakafu ya namna hiyo na kusema chumba ki tayari, ni kuuhamisha unyevu kutoka sakafuni kuutia kifuani mwa mtoto. Njia iliyo sawa yajulikana na kila fundi: kuinua sakafu kwa mawe yaliyoshindiliwa, kutandika nailoni nzito chini ya zege, kuchanganya zege kwa kipimo cha saruji moja, mchanga miwili na kokoto minne, kisha kuimwagia maji kwa muda wa siku saba ili ishikane. Hilo la mwisho halina thamani ila maji na subira, nalo ndilo liachwalo zaidi.

Ya pili ni hewa. Banda la gari lina uwazi mmoja, na uwazi huo ukizibwa kwa ukuta na mlango mdogo, kimebaki kisanduku. Thika na Ruiru ziko juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,500, na mwezi wa Julai usiku huwa na baridi. Watu wakisikia baridi huingiza ndani jiko la makaa, hufunga mlango, hulala. Makaa yawakapo mahali pasipo hewa hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke tena. Ni kweli kwamba mpangaji ndiye aliyeliingiza jiko. Lakini ni nani aliyejenga chumba kisicho na dirisha mbili za kuelekeana, wala matundu ya hewa juu ya ukuta? Aliyejua kwamba humo watalala watu, akajua kwamba Julai ina baridi, akaziba ukuta mzima ili aepuke thamani ya dirisha moja, hawezi kusema kwamba hana fungu katika yaliyotokea.

Ya tatu ni umeme. Waya mwembamba huvutwa kutoka jikoni, hupitishwa chini ya bati, hutiwa taa moja. Baadaye mpangaji huongeza pasi, na jiko la umeme, na friji. Mafundi wajua kwamba waya wa taa ni wa milimita 1.5 za mraba, na wa soketi ni wa milimita 2.5 za mraba, na kwamba zote zataka kituo cha kukata umeme pakiwa na hitilafu. Waya ukishazikwa ndani ya ukuta na ukuta ukapakwa chokaa, hapana mpangaji aonaye upana wake. Hapa ndipo pabaya zaidi, kwani ubaya umefichwa chini ya usafi.

Ya nne ni paa. Nyumba nyingi za zamani nchini ziliezekwa kwa asibesto, na mabanda yake vivyo hivyo. Vumbi la asibesto likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi, na Kenya ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2006. Kuliondoa paa la namna hiyo kwataka watu wenye kibali, na kulilowesha maji lisitoe vumbi, na kulifunga na kulizika mahali palipoidhinishwa. Njia ya rakhisi ni kumwita kijana mmoja na nyundo yake. Kijana huyo hupokea ujira wa siku mbili, hushukuru, huenda zake, na ugonjwa humjia baada ya miaka 20 au 30, wakati ambapo hakumbuki tena alifanya kazi kwa nani. Mwenye nyumba naye hamkumbuki. Je, kusahauliwa kwa deni ni kulipwa kwake?

Na ya tano ni nguzo. Wako waonao banda lenye nguzo nne wakasema: na tujenge chumba cha pili juu yake. Nguzo zile zilisimamishwa ili zibebe mabati tu. Hatuna haja ya kukumbusha sana yaliyotokea Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoanguka wakati wa mvua na watu karibu 50 wakafa. Wote wale walikuwa wakilipa kodi. Banda si ghorofa, lakini mazoea yaliyoangusha ghorofa ndiyo hayo hayo yaongezayo chumba juu ya banda.

Hapa twaisikia hoja ya mpinzani, nayo ni hoja ya haki ya kusikilizwa. Atasema: «Ninyi mwaandika mkiwa mmeketi penye nafasi. Mtu maskini hachagui baina ya chumba kibaya na chumba kizuri. Huchagua baina ya chumba kibaya na kukosa chumba. Mkimlazimisha mwenye nyumba atie kila kitu, kodi itapanda, na maskini atafukuzwa mpaka mbali zaidi na kazi yake. Urakhisi wangu ndio sadaka yangu.»

Twakubali nusu ya maneno haya. Ni kweli kwamba chumba kidogo chenye ukuta usiorembwa, kikipangishwa kwa kodi ndogo, chaweza kumfaa mtu kuliko nyumba nzuri asiyoiweza. Ndiyo maana tumeuweka mfuko wa pili kuwa halali, wala hatukusema kila banda liwe kasri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imetaja haki ya kila mtu kupata makao yafaayo, na makao yafaayo si lazima yawe ya anasa.

Nusu ya pili twaikataa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ridhaa ni ya mtu ajuaye. Mpangaji aliyeridhia udogo wa chumba hakuridhia waya asiouona. Katika biashara ya soko sote twajua kwamba mwenye kuuza kitu chenye aibu ni lazima aionyeshe aibu ile. Aliyeificha amedanganya, hata kama mnunuzi amefurahi na kuondoka. Je, tuwe wakali kwa muuza ng'ombe na walegevu kwa mpangisha chumba, hali mtu hulala ndani ya chumba wala halali ndani ya ng'ombe?

Ya pili, na itazamwe hesabu yenyewe. Mambo tuliyoyataja, yaani dirisha la pili, nailoni chini ya zege, waya wa upana wake na maji ya siku saba, si hayo yapandishayo gharama. Yapandishayo ni vigae, dari ya mapambo, lango la chuma lililonakshiwa na taa za nje. Mara nyingi tumeona ukuta wa mbele, ule uonekanao na wapita njia, ukivishwa mawe mazuri, na ukuta wa nyuma hauna hata tundu la hewa. Basi ilikuwepo fedha. Ilipelekwa penye macho ya watu. Asidhuriwe maskini kwa jina la sadaka, na fedha iliyomnyima hewa ikanunua sifa.

Wanavyuoni wa zamani walitupa mizani ambayo yafaa sana katika jambo hili. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na baada yake Ash-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, waliyagawa masilahi ya watu mafungu matatu: ya dharura, ambayo yakikosekana maisha huharibika; ya haja, ambayo yakikosekana watu huona dhiki; na ya kupendezesha, ambayo yakikosekana hapana dhara. Mwenye fedha chache na aandike kazi zake zote kwa mpango huo. Katika dharura na aandike paa lisilovuja, nguzo zilizo imara, hewa, waya ulio salama, na mlango ufunguliwao kwa ndani ili mtu atoke pakiwa na moto. Katika haja na aandike sakafu laini, mahali pa kuogea, na mwanga wa kutosha. Katika kupendezesha na aandike rangi, vigae na dari. Kisha fedha na iteremke kutoka juu kwenda chini, wala isipande kutoka chini kwenda juu. Ikiisha njiani, kilichokosekana ni pambo tu.

Jirani naye asisahauliwe. Banda la gari mara nyingi hujengwa mpakani, maana viwanja vyetu vya futi 50 kwa 100 havina nafasi ya kutupa. Mtu akitoboa dirisha jipya ukutani, je, laelekea wapi? Ni uani kwa watu? Maji ya paa jipya yaanguka kwa nani? Akikaribisha wapangaji wawili zaidi, shimo la maji machafu lililochimbiwa jamaa moja litavumilia? Nyumba nyingi za Ruiru bado hutumia mashimo hayo, nalo likifurika halichagui uwanja. Na banda likifanywa karakana ya kuchomelea vyuma, mgonjwa wa nyumba ya pili atalala saa ngapi?

Mambo haya si mapya. Katika karne ya 14, Ibn ar-Rami wa Tunis, ambaye alikuwa fundi muashi na akiwasaidia makadhi kukata mashauri ya majengo, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu zake: kuta za shirika, madirisha yachunguliayo nyua za watu, moshi na maji. Yatupendeza kwamba aliyeandika hayo alikuwa mtu wa mwiko na kamba, aliyezipanda kuta zenyewe. Leo kazi hiyo yapasa kufanywa na idhini ya kaunti, kwani sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yataka idhini kabla ya kugeuza matumizi ya jengo. Wengi huiona idhini hiyo kuwa ni kupoteza fedha na siku. Ofisi zetu zina ucheleweshaji wake, hilo halifichiki. Lakini idhini, ikifanywa ipasavyo, ndiyo nafasi ya pekee ambapo jirani na mpangaji ajaye, ambao hawakuwako siku ya mapatano, husemewa neno.

Tumalize na fundi. Watu wengi wakitaka kupunguza gharama huanza na ujira wake, kwa kuwa saruji haibembelezeki na mtu hubembelezeka. Mfuko wa saruji una bei yake dukani, haupungui kwa maneno; fundi mwenye watoto hupungua. Mapatano kabla ya kazi si dhambi, kila mtu ana haki ya kupatana. Dhambi ni ile desturi iliyoenea ya kuifanya siku ya mwisho ya kazi kuwa siku ya kutafuta makosa, ili kipande cha ujira kisilipwe. Mafunzo ya Mtume s.a.w. juu ya kuharakisha ujira wa mfanyakazi yajulikana hata na watoto wa chuoni. Na mapatano yaandikwe: kazi gani, kwa vipimo gani, kwa fedha ngapi, na zitalipwa lini.

Na fundi naye ana haki juu yake. Akipunguza saruji katika zege ili mfuko mmoja umbakilie, hakumwibia mwenye nyumba peke yake. Amemwibia atakayelala chini ya kazi hiyo baada ya miaka kumi. Fundi ajuaye kwamba waya ni mwembamba kisha akanyamaza kwa kuogopa kuikosa kazi, naye ametia mkono katika mfuko wa tatu. Ujuzi ni amana, na mwenye nyumba asiyejua ameuweka kwake.

Basi hukumu yetu ni hii. Mwenye fedha chache yu huru kutengeneza banda lake kwa urakhisi, na akifanya hivyo kwa uangalifu twamsifu kuliko yule anayejenga kwa mkopo ili aonekane. Lakini kabla ya kufuta gharama yoyote katika orodha yake, na ajiulize maneno matatu. Ni nani atakayeilipa gharama hii ikiwa mimi siilipi? Je, mtu huyo ajua kwamba ndiye atakayelipa? Na akijua, je, ana uwezo wa kukataa? Akiona kwamba mlipaji ni yeye mwenyewe, na afute kwa moyo mweupe. Akiona kwamba mlipaji ni mwingine ajuaye na awezaye kukataa, na amwambie wazi kisha wapatane. Akiona kwamba mlipaji hajui, au hakuulizwa, au hawezi kukataa, basi gharama hiyo haifutiki. Ni deni, na aliyelikimbia leo atalikuta mbele.

Na kama maneno matatu ni mengi, liko moja litoshalo: je, ungemlaza humo mwanao usiku mmoja wa mwezi wa Julai, mlango umefungwa, nawe ukapata usingizi?

Haya ndiyo tuyaonayo. Mwenye hoja iliyo bora kuliko hii na atuletee, tutaitangaza kwa shukrani.